Anti, naomba magugu tu

Mwezi huu sanduku langu la barua limejaa udongo. Nina barua tano hapa, zote za watu waliofiwa na sasa wanataka (mmoja hataki kabisa) kushika jembe kwenye bustani ya hospisi. Kwa asiyeijua, hospisi ni pale wanapohudumiwa watu ambao ugonjwa wao hauponi tena, kazi pale ni kutuliza maumivu na kumsaidia mtu aishi siku zake vizuri na watu wake, na nyingi zina bustani hata kama ni ya kona moja tu. Nimezijibu zote, ya kwanza nimeijibu kwa kirefu manake imenigusa pabaya.

Anti shikamoo. Mume wangu amefariki miezi minne iliyopita, saratani ya kongosho, na wiki tatu za mwisho tulikuwa hospisi. Kule hospitali ilikuwa kelele tupu, mashine zinalia, taa usiku kucha. Pale hospisi siku moja wakafungua mlango wa chumba wakamsukuma na kitanda chake mpaka nje chini ya mti, akalala anaangalia majani mpaka jua likaanza kuzama. Siku zile alikuwa haongei sana ila siku ile alisema "hapa kuna hewa". Sasa tangu nimzike sijielewi, nyumbani hakukaliki, najikuta nimepita nje ya geti la hospisi bila sababu. Mara ya tatu nikaingia, nikaona tuta la karibu na chumba chake limejaa magugu, nikainama nikaanza kung'oa hata sijaomba ruhusa. Mratibu wa wanaojitolea akanikuta, akanisalimia vizuri tu, nikamwambia nataka nije kila Jumamosi nifanye kazi ya bustani, akasema watafurahi sana lakini kwanza upite mwaka tangu msiba. Anti, nililia njia nzima. Mimi siombi mshahara, naomba magugu! Dada yangu naye anasema nachokonoa kidonda, niache mambo ya pale. Je wana haki? Na huo mwaka niende nao wapi?
Mwenye Jembe Mkononi

Marahaba mwanangu, na pole sana. Hapo kwenye "naomba magugu" niliiweka barua chini nikaenda kunawa uso ndo nikarudi.

Nianze na huyo mratibu, manake najua ndo umemkasirikia. Hajakufukuza. Hospisi nyingi zina utaratibu wa namna hiyo kwa mtu aliyefiwa karibuni anayetaka kufanya kazi karibu na wagonjwa, kwingine miezi sita, kwingine mwaka au zaidi, na kuna wengine hawana muda maalum, wanakaa na wewe, wanakuuliza maswali, halafu wanaamua. Ningekwambia huo ni urasimu wa ofisini kama yasingenikuta mwenyewe. Ngoja nijianike kidogo.

Mimi nilifiwa na dada yangu, tumefuatana ziwa, na wiki ya sita tu baada ya mazishi nikaenda kujitolea kwenye bustani ya hospisi, sio ile aliyofia, nyingine. Waliponiuliza kama nimefiwa karibuni nikasema hapana. Uongo mkavu. Nikapewa glavu na mkasi wa kupogolea nikawekwa kwenye mawaridi. Wiki ya tatu, mchana, nesi akamleta bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu, kavaa kofia ya sufi ya bluu iliyomzidi kichwa, blanketi magotini, akamwacha kivulini karibu yangu. Bibi akaniuliza, hivi hilo waridi linanukia au ni zuri tu? Swali dogo hivyo. Nikakata moja nikamshikisha, na vile alivyolinusa, akafumba macho akalaza kichwa upande, alikuwa dada yangu mtupu. Basi nikafunguka. Nikaanza kumsimulia dada, alivyougua, alivyokuwa anakataa kuguswa, usiku wa mwisho alivyokuwa anapumua, kila kitu, robo saa nzima nimepiga magoti kwenye udongo machozi yananitiririka, na bibi wa watu kaniwekea mkono kichwani ananibembeleza, pole mwanangu, pole, yatapita. Nesi alipokuja kumchukua, waridi lilikuwa limedondoka chini ya gurudumu. Baadaye ndo nikaambiwa yule bibi alikuwa na siku nne hajaweza kutoka nje kwa maumivu, ile ndo ilikuwa siku yake ya kukaa kivulini. Nikaitumia mimi.

Nikaenda kwa mratibu nikakiri. Hakunifokea. Alinihamishia nyuma, kwenye mboji na vyungu, miezi minane mizima, na hapo ndo nilipojifunza bustani kwa kweli.

Kwa hiyo wakikuambia subiri hawasemi huzuni yako ni chafu. Wanamlinda yule mwenye kofia ya bluu, na wanakulinda na wewe, manake mle ndani watu wanakufa kila wiki, utamzoea mtu Jumamosi hii na Jumamosi ijayo chumba kitakuwa na mtu mwingine, na wewe wako hujamaliza hata kumzoea kwamba hayupo.

Na usidhani wanaofanya kazi hizi wametoka kwenye nyumba zisizo na misiba. Cicely Saunders, yule Mwingereza aliyefungua hospisi ya St Christopher's kule London mwaka 1967, ndiyo inayohesabiwa mwanzo wa hospisi za kisasa, safari yake ilianzia kwenye kufiwa. Mwaka 1948 alikuwa anamhudumia mkimbizi mmoja kutoka Poland, David Tasma, anakufa kwa saratani, wakapendana, na yule bwana akamwachia pauni 500 akisema anataka awe dirisha katika nyumba ya Saunders, yaani hiyo hospisi. Nyumba yenyewe hata haijajengwa! Baadaye Saunders akaenda kusomea udaktari, mwaka 1960 akafiwa tena na mtu mwingine aliyempenda, mwaka uliofuata baba yake, misiba ikapandana. Hesabu toka 1948 mpaka 1967 uone ni miaka mingapi. Wewe unaambiwa mmoja.

Dada yako ana wasiwasi wa mtu anayekupenda, mwache awe nao. Lakini kutaka kurudi mahali ambapo mumeo alipata hewa mara ya mwisho, mimi sioni ugonjwa hapo. Ninachokuuliza ni kimoja, ujijibu mwenyewe usiku ukiwa peke yako: siku utakapokuta mwanaume mwingine kasukumwa na kitanda chini ya mti uleule, mke wake kakaa pembeni kashika mkono, utaweza kuinama ukaendelea na magugu yako? Kama jibu ni "ule mti ni wetu", basi bado. Bado tu, haina maana kamwe.

Sasa huo mwaka. Kwanza, unapita getini kama mtu wa kujitolea wakati una haki ya kuingia kama mhudumiwa. Watu wengi hawalijui hili, kumhudumia aliyefiwa ni sehemu ya tiba shufaa (ndo hiyo huduma ya hospisi ya kutuliza maumivu), hata Shirika la Afya Duniani linapoielezea linataja kuisaidia familia wakati wa ugonjwa na baada ya msiba. Waulize kama wana kikundi cha waliofiwa au mtu wa kuongea naye, wengi wanacho, na pale ndo pa kumwaga ile robo saa niliyomwagia bibi wa watu. Pili, mpigie mratibu, usimwandikie, mpigie, umuulize kama kuna kazi mbali na vyumba: kuotesha miche nyumbani kwako uwaletee, kuosha vyungu, kunoa mikasi, kupindua mboji, kuandika vibao vya majina ya mimea. Hizo huwa hazina wenyewe, kila mtu anataka kupanda maua mbele ya dirisha. Na wakikupokea, waambie mapema kwamba lile tuta la karibu na chumba chake usipewe mwanzoni. Anzia upande wa pili wa bustani ulikaribie mdogomdogo.

Yale magugu uliyong'oa siku ile, naamini yalikuwa yanahitaji kung'olewa kweli.

Anti mambo, mimi ni kijana, mama yangu alifariki miaka miwili sasa na nina miezi mitano najitolea bustani ya hospisi. Wiki iliyopita dada mmoja mgonjwa, rika langu kabisa, alikuwa kakaa kibarazani ananiangalia napanda mbegu za alizeti akaniuliza, hivi hizo mimi ntaziona zikitoa maua? Nikababaika nikasema "utaziona tu, Mungu mkubwa". Akacheka, lakini ule mcheko Anti, mpaka leo unaniuma. Ningejibu nini?
Kijana wa Alizeti

Poa mwanangu. Usijichape sana, watu wenye vyeti vya udaktari wanajibu hivyohivyo kila siku.

Lakini alicheka kwa sababu anajua hesabu kuliko wewe. Alizeti toka mbegu mpaka ua ni miezi miwili kwenda mitatu, na mtu anayeumwa vile anaujua mwili wake. Ukimwambia "utaziona tu" unamfungia mlango kistaarabu, maana yake tusiongee hayo. Na ukimwambia "hapana" umejifanya daktari, hiyo pia sio kazi yako. Katikati hapo kuna majibu ya mtu wa bustani. Ungeweza kusema, "sijui dada, hizi zinachukua kama miezi miwili na zaidi, wewe unaonaje?" halafu ukanyamaza, ukaendelea na kazi ya mikono manake mikono ikiwa na kazi mtu anaongea vizuri zaidi kuliko ukimkodolea macho. Akitaka kuongea ataongea, asipotaka atakuuliza habari ya mvua.

Halafu muulize kama anataka mpande kitu cha haraka. Hapa bustani ina utajiri ambao watu wanausahau: mbegu za haradali ukizitandaza kwenye pamba yenye maji zinachipua ndani ya siku mbili tatu, maharage siku tano mpaka kumi yameshainua shingo, figili wiki tatu nne unaing'oa. Weka kisahani dirishani kwake, amwagilie mwenyewe kwa kijiko. Nimeona mtu mzima, mhandisi, anamwita nesi saa kumi na moja alfajiri aje aone haragwe limetoka! Na lile ambalo tayari lina ua, omba ruhusa, kata moja mpelekee kwenye glasi.

Jambo la mwisho na hili usiliruke: maswali kama hilo mwambie nesi wa zamu. Mwambie yeye tu, usiwaambie marafiki zako wala usiandike statasi, yanayosemwa pale yanabaki pale. Unamwambia nesi kwa sababu pengine dada yule anatafuta wa kuongea naye na kakuchagua wewe kujaribisha maji. Saunders alikuwa anasema maumivu ya anayekufa sio ya mwili tu, kuna ya moyo, ya familia, ya roho, na yote yanahitaji mtu. Wewe wa alizeti umeyasikia ya kwanza, wafikishie.

Mwanangu Anti, mimi ni mzee wa miaka 71, mke wangu alifia hospisi mwaka juzi. Baada ya kusubiri nikakubaliwa kujitolea na sasa nimepewa kona iliyosahaulika niitengeneze. Mke wangu alikuwa anapenda lili nyeupe na mimi nataka nizijaze kona nzima, ila nesi mmoja akaguna. Mbona kaguna? Na nipande nini?
Mzee wa Kona

Shikamoo baba. Nesi kaguna kwa sababu ya harufu. Lili nyeupe zinanukia sana, na mtu aliye kwenye dawa za saratani au mwenye kichefuchefu, harufu tuliyoizoea sisi kwake inaweza ikawa mateso. Halafu ile poda yake ya chungwa ikigusa shuka imeganda. Panda mbili tatu mbali na madirisha kwa ajili ya mama, sio kona nzima. Ukitaka harufu, weka ile ambayo haitoki mpaka uiguse, mnanaa, rehani, rozmari, mchaichai, lavenda kidogo, zipande kingo za njia mkono uzifikie. Mgonjwa akitaka anafikicha jani, asipotaka halimfuati kitandani. Na mnanaa upande kwenye chungu baba, ukiuachia ardhi utaitawala kona yote, usije ukasema sikukwambia.

Ila kabla hujapanda chochote fanya kitu kimoja. Omba chumba ambacho hakina mtu, ulale kitandani (wakikubali), au ukae kwenye kiti cha chini kabisa, uangalie nje. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilicheka kwa aibu. Maua yote niliyohangaika nayo msimu mzima hayaonekani! Aliyelala anaona mbingu, vichwa vya miti, ukingo wa paa na ndege wakitua. Kwa hiyo tafuta vinavyokwenda juu, mimea ya kutambaa kwenye fremu, nyasi ndefu zinazocheza na upepo, sahani ya maji ya ndege juu ya nguzo.

Hiyo ya dirishani sio ushairi wangu. Mwaka 1984 mtafiti anaitwa Roger Ulrich alitoa matokeo ya kupekua mafaili ya hospitali moja huko Pennsylvania, Marekani, wagonjwa 46 waliotolewa kifuko cha nyongo, nusu yao dirisha linaangalia miti, nusu linaangalia ukuta wa matofali. Wa miti waliruhusiwa mapema kidogo na walitumia dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Ni wagonjwa wa upasuaji wale, sio wa hospisi, sikuahidi utamponya mtu, lakini mimi hizo dozi za maumivu ndo zinanifanya niangalie dirisha kabla ya tuta.

Njia nayo. Kiti cha magurudumu kinataka njia ya sentimita 90 angalau, na mahali pa kugeuzia duara la mita moja na nusu. Ila hospisi wanatoa na vitanda nje, kitanda ni kama mita moja upana, hivyo ukiweza ifanye pana zaidi, na iwe ngumu na sawa, kokoto ni adui, zinamtikisa mtu mwenye saratani ya mifupa mpaka anajuta kutoka. Kama kuna mteremko, kila sentimita moja ya kupanda ipate angalau 12 za urefu. Tuta moja liinue mpaka sentimita 60 au 75 hivi ili aliyekaa kwenye kiti afike udongo bila kuinama. Benchi ziwe na mikono ya kushikia wakati wa kuinuka, hata wewe na mimi tunazihitaji baba, tusidanganyane.

Kijichemchemi cha maji kila mtu anakipenda kwenye picha, lakini sauti ya maji yanayochuruzika inawapeleka watu chooni, na kwa mtu ambaye kila safari ya choo ni shughuli ya watu wawili, mmh. Sahani ya ndege inatosha.

Cha kukwepa ni sumu. Oleanda, na mbarika kwa ajili ya mbegu zake, wajukuu wanakuja kutembelea na wanaokota kila kitu. Waridi lenye miiba lisikae ukingoni mwa njia, ngozi za wagonjwa wengine ni kama karatasi.

Na mboji, hapa naomba unisikilize vizuri. Mboji na udongo wa kwenye mifuko vina vimelea vya ukungu na bakteria, kuna aina moja ya bakteria waitwao Legionella inayokaa humohumo, sisi wazima mara nyingi vinatupita ila kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka vinaweza kuwa homa ya mapafu mbaya. Usiupindue mboji karibu na madirisha wala wagonjwa wakiwa nje. Mfuko ufungue uso ukiwa mbali, lowanisha kwanza usitimue vumbi, vaa glavu, nawa mikono kabla hujamsalimia mtu. Wewe mwenyewe una miaka 71, vaa barakoa, na uulize sindano yako ya pepopunda ya mwisho ilikuwa lini.

Anti, nimefiwa na mdogo wangu miezi saba iliyopita. Bustanini nikiwa na wenzangu nacheka, tunataniana, siku nyingine nasahau kabisa. Nikirudi nyumbani najiona msaliti. Halafu wiki inayofuata nalia kwenye basi bila sababu. Nimeambiwa kuna hatua tano za majonzi, mimi sijui niko ya ngapi.
Msaliti

Hupo kwenye hatua yoyote. Zile tano zilitoka kwa daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, na alizitoa kwa kuongea na watu wanaokufa wenyewe, sio waliofiwa, watu ndo wakazigeuza ngazi ya kila mwenye msiba. Mimi naelewana zaidi na watafiti wawili, Margaret Stroebe na Henk Schut, ambao mwaka 1999 waliandika kwamba aliyefiwa anakwenda na kurudi, saa hii uko ndani ya msiba, saa nyingine uko kwenye maisha, na huko kwenda na kurudi ndo kupona kwenyewe. Ukicheka bustanini ukalia kwenye basi, umefanya vyote viwili. Ua lenyewe usiku linajifunga, nani analiita msaliti?

Nitakachokuonya ni kingine. Kama miezi inapita, zaidi ya nusu mwaka, na kutamani aliyekufa kunakushika kila siku karibu siku nzima, huli, hufanyi kazi, hutaki hata kuishi, hapo ongea na daktari au mtaalamu wa afya ya akili, kuna jina lake siku hizi na kuna msaada wake, na ukifikia kutaka kujidhuru usingoje hata kesho. Barua yako haisomeki hivyo, lakini nakuandikia na wanaokuzunguka.

Anti shikamoo. Baba alifia hospisi mwaka jana. Kaka zangu wote wawili wanajitolea bustanini pale, mama anawapelekea miche, na kila Jumapili wananisema mimi ndo sijampenda baba. Anti, mimi hata barabara ile siwezi kupita, nazunguka. Nifanyeje?
Mzungukaji

Marahaba mwanangu. Usiende. Kaka zako wana mikono minne, inatosha kwa bustani moja. Wakikusema tena Jumapili wape ukurasa huu wausome, na wewe endelea kuzunguka na njia yako ya mbali.